Joho Moja Mbele ya Bwana Shauri

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kodi nilifundishwa kutazama mikono ya watu. Karani Mkuu wa ofisi ya Likoni, Mgoa mmoja mwembamba aliyefunga tai hata katika joto la kaskazi, aliniita mezani kwake kabla sijaonyeshwa kiti. Akanyosha mikono yake miwili mbele yangu, viganja chini, akaniuliza, "Mimi nina miaka mingapi?"

Nikamtazama usoni. Akagonga meza kwa rula, nusura niruke.

"Si usoni! Mikono! Uso unanyolewa, ndevu zinapakwa hina, meno yananunuliwa. Mkono hauna dawa."

Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yangu ya kwanza, na wallahi imenikaa mpaka leo. Nikipeana mkono na mgeni huugeuza kidogo nikauchungulia. Mke wangu amenikanya kwa jambo hilo zaidi ya miaka hamsini na sijasikia.

Mimi ni mtu wa Kisauni. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuoni, akisomesha watoto Kurani, na jina alinipa Omari. Kazi ya serikali niliipata kwa uzuri wa hati yangu tu, maana mtihani wenyewe niliponea chupuchupu. Kila alfajiri nilivuka daraja la Nyali kwa baiskeli, nikakata kisiwa chote cha Mombasa, nikapanda feri. Nikifika Likoni shati limeshaniganda mgongoni. Wenzangu wa mtaani walinicheka, wakisema nimekwenda kuajiriwa ng'ambo ya dunia. Mimi nilikuwa radhi. Tangu utoto nilikuwa mtu wa kuuliza-uliza, nikipigwa kwa ajili hiyo, na sasa serikali inanilipa mshahara niwaulize watu mambo yao! Ningeipata wapi tena neema kama ile?

Ninyi vijana hamkuijua kodi yenyewe, basi nieleze. Miaka ile michache kabla ya uhuru, kila mwanamume mzima alilipa kila mwaka. Watu waliiita kodi ya kichwa kwa sababu haikuuliza una nini. Iliuliza una kichwa? Ukiwa nacho, ulipe. Ukishalipa ulipewa stakabadhi, karatasi ya kuonyesha umelipa, nawe uliitunza kuliko cheti cha ndoa, maana cheti cha ndoa askari hakukuuliza njiani.

Lakini sheria ilimwachia mzee upenyo mmoja. Aliyekuwa hana nguvu wala kitu aliweza kupewa cheti cha msamaha. Kilikuwa karatasi ndogo, kama kiganja hivi, yenye jina lake, jina la baba yake, mtaa wake, na chini yake maneno yaliyopigwa taipu: Amesamehewa kodi kwa uzee na kutojiweza. Yalitakiwa yote mawili. Mzee mwenye nyumba za kupangisha hakusamehewa kwa mvi zake, na kijana asiye na kitu hakusamehewa kwa kukosa. Asiyekuwa na stakabadhi wala cheti alichukuliwa na askari, akapelekwa kambini kufyeka kando ya barabara na kuvunja mawe. Nimewaona kwa macho yangu watu wenye mvi wakivunja mawe. Kwa hiyo msidhani ile karatasi ilikuwa mchezo.

Wazee walipimwa barazani, katika ukumbi wa ofisi, kila baada ya miezi kadhaa. Mbele walikaa wakubwa wawili. Mmoja ni Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita afisa wa wilaya, Mwingereza kijana aliyebabuka na jua, mwenye Kiswahili cha kitabuni alichokipanga neno baada ya neno kama fundi anayepanga matofali. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Wa pili ni Mudir, msaidizi wa Liwali, yaani mwakilishi wa Sultani hapa pwani, mtu wa ukoo mkongwe wa Mombasa, mzito wa maneno, mwenye joho lake na bakora yake. Mimi nilikaa pembeni na daftari, nikiandika ama "hajiwezi" ama "anajiweza".

Jambo nililolipenda kuliko yote lilikuwa kukokotoa umri. Hakuna mzee aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Mmoja atakwambia vita vya Mjarumani vilimkuta anachunga mbuzi, mwingine vilimkuta ana watoto wawili na wa tatu tumboni. Mmoja alijihesabia umri kwa mnazi alioupanda baba yake siku aliyozaliwa, akataka twende tukaupime mnazi! Nilikuwa na kijidaftari changu mwenyewe cha kuandika hayo, ili nikisikia jambo nijue ni mwaka gani. Karani Mkuu alikigundua akanung'unika kwamba napoteza wino. Kumbe alikuwa akikiazima kwa siri ninapokwenda kusali adhuhuri.

Sasa niwaambie habari ya baraza moja la siku ya Alhamisi, katika mwaka wangu wa pili. Wa kwanza kuitwa alikuwa Mzee Hamisi wa Mtongwe, mkwezi, yaani mtu wa kupanda minazi ya watu kuangua nazi kwa ujira. Alisimama mlangoni akatoa salamu, akangoja mpaka aitikiwe, ndipo akaingia. Lo! Alikuwa amependeza. Kanzu nyeupe, kofia iliyotariziwa, ndevu zimepakwa hina, na juu ya yote joho jeusi lenye utepe wa dhahabu, linanukia udi mpaka kule nilikokaa.

"Umri wako, mzee?" aliuliza Bwana Shauri.

"Nilitiwa jandoni, bwana, mwaka vyuma vya reli vilipokuwa vikishushwa Kilindini. Kidonda hakijapona, nikabebwa begani kwenda kuvitazama."

Nikapiga hesabu upesi upesi: sabini na ushei. Nikampa Bwana Shauri ishara kwamba umri umetimia.

"Kazi yako?"

"Mkwezi."

"Unapanda mpaka sasa?"

"Minazi siku hizi imekuwa mirefu, bwana."

Mudir akakohoa kidogo. Mimi niliinama juu ya daftari nisionekane nikicheka.

"Una mali gani?"

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Hamisi. "Mola hajaninyima."

Anayeijua adabu ya pwani ameshaelewa. Mtu wetu hasimami mbele ya watu akalia kwamba hana kitu, maana huko ni kumshtaki Mungu hadharani. Hata kama jana amelala na maji matupu, ukimuuliza atasema alhamdulillahi. Bwana Shauri hakufundishwa hilo kitabuni kwake.

"Hajanyimwa," alisema, akinigeukia niandike. "Na joho analo. Huyu anajiweza. Alipe kabla ya mwisho wa mwezi. Anayefuata!"

"Ahsante, bwana," alijibu Mzee Hamisi, kama mtu aliyepewa alichokijia, akatoka. Mimi nikaandika.

Baada ya kitambo akaingia Mzee Bakari, mshonaji wa makuti ya kuezekea. Kanzu nyingine, kofia nyingine, lakini joho nikaliona linafanana na lile. Alipogeuka kumwamkia Mudir, nikaona kwenye upindo wa kushoto tundu dogo la kuungua, dogo kama punje ya hindi. Nikajiambia majoho yenye matundu ni mengi. Naye alipoulizwa mali alishukuru Mungu. Anajiweza. Nikaandika. Kisha akaja Mzee Sefu, aliyekuwa mlinzi wa mashamba zamani, mtu mrefu, na joho likamwishia kwenye mapaja. Sikutazama mikono wala uso. Nilitazama upindo wa kushoto, na tundu lilikuwepo, linanitazama na lenyewe.

"Likoni ina wazee matajiri," alisema Bwana Shauri, akafunga kalamu yake.

Watu walipotawanyika, Mudir akanisogelea taratibu na bakora yake.

"Karani, umeona ulichokiona?"

"Sijaona kitu, Sheikh."

"Na mimi vivyo hivyo," alisema, akaenda zake.

Msimlaumu Mudir. Kusema mbele ya Mzungu kwamba nguo hii si ya mzee huyu, ameiazima, ni kumvua mtu mzima hadharani. Kwetu ukimwona mwenzio ana aibu humfunulii, humsitiri. Lakini kule kumsitiri ndiko kulikokuwa kunampeleka kambini! Niligeuza jambo hili kichwani nikiwa nimekaa peke yangu na lile daftari, na sikuona pa kulishikia. Pia nisijitie utakatifu nisiokuwa nao: niliogopa. Karani mchanga kumkosoa Bwana Shauri ni kumwaga unga wake mwenyewe.

Ila udadisi wangu haukunipa raha. Jioni ile niliacha feri mbili zikaondoka, nikamfuata Mzee Sefu kwa mbali. Alikuwa amelivua joho na kulikunja vizuri chini ya kwapa. Akaingia nyumba moja ya makuti, akatoka mikono mitupu. Nikapiga hodi.

Aliyenifungulia ni Bi Mwanaisha, mjane wa makamo, mwenye macho makali kupita yangu.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni Omari, karani wa kodi."

"Marahaba. Siku hizi mnatoza na wanawake?"

"La, bibi. Nimekuja kuuliza habari ya joho."

Akanitazama juu mpaka chini, akanipa kiti, akalileta. Lilikuwa la marehemu mumewe. Tangu afe, alisema, joho lile halijapata kulala sandukuni wiki mbili mfululizo. Limeshahudhuria harusi zisizo na idadi, limekwenda kortini, limekwenda mpaka Lamu na kurudi. Yeyote wa mtaa aliyekuwa na safari ya heshima alikuja kuliazima, naye kila mara alilifukiza udi kwanza.

"Na hilo tundu unalolitia kidole," akaniambia, "ni kaa la chetezo. Marehemu alikuwa akiniharakisha twende harusini kwa nduguye, nami namjibu huku nafukiza. Kaa likaruka. Alininunia siku tatu."

"Lakini bibi, wale wazee walikwenda kusema hawajiwezi. Wakaenda wamevaa kama mawaziri wa Sultani!"

"Ala! Ulitaka waende kwa serikali na viraka? Mtu hamwendei mkubwa kama anayekwenda kuchimba mihogo."

"Basi Bwana Shauri ameona joho, akasema wana mali."

Bi Mwanaisha akalichukua mikononi mwangu. Akaanza kulikunja joho, akalikunjua, akalikunja tena. Ilikuwa dhahiri hakulijua hilo.

"Ndiyo maana," akasema kwa sauti ndogo. "Hamisi amepita hapa mchana, nikamuuliza mambo vipi, akasema alhamdulillahi. Kisha akaniomba ile kamba ya kukwelea iliyokuwa ya marehemu. Jumatatu anaanza kukwea katika shamba la huku nyuma. Minazi ile hata vijana wanaikataa."

"Atakwea kwa umri ule?"

"Afanyeje, mwanangu? Umemwandikia mwisho wa mwezi."

Umemwandikia. Hakusema Bwana Shauri, alisema mimi. Nilirudi Kisauni usiku ule sikula, na siku mbili zilizofuata zilikuwa nzito kwangu. Nikisema, nawavunjia heshima wazee watatu mbele ya Mzungu. Nisiposema, mmoja wao anapanda mnazi kwa magoti ya miaka sabini. Jumamosi nilikwenda kazini, nikamwona Bwana Shauri ameketi peke yake, nikafika mpaka mlangoni, nikarudi. Niliionea haya nafsi yangu.

Jumapili alasiri nikavuka tena Likoni, siku isiyo ya kazi, nikapiga hodi kwa Bi Mwanaisha.

"Nimekuja kuazima joho, bibi."

"Una safari ya wapi?"

"Kwa Bwana Shauri."

Hakuniuliza la pili. Alitia makaa, akalifukiza, safari hii akiwa mwangalifu sana.

Jumatatu asubuhi niliingia ofisini nimevaa kanzu, kofia, na joho juu. Karani Mkuu alinitazama juu ya miwani akaniuliza kama leo ni Idi nami nimesahau kumletea biriani. Nikampita moja kwa moja. Bwana Shauri alikuwa mezani kwake, na Mudir karibu na dirisha ana kikombe cha kahawa.

"Karani, unakwenda harusini?"

"La, bwana. Nimekuja unipime."

"Nikupime nini?"

"Kodi. Nitazame kama ulivyowatazama wale wa Alhamisi, kisha useme kama najiweza."

"Mshahara wako naujua mimi," alisema, ameanza kukasirika.

"Mshahara wangu unaujua, bwana. Joho langu hulijui."

Sijui nilipata wapi ulimi ule. Bwana Shauri akanyanyuka, akazunguka meza, akanizunguka na mimi. Kisha akainama akaushika upindo wa kushoto, akatia kidole chake katika tundu.

"Hili nililiona," alisema polepole. "Kwa mzee wa pili. Na kwa wa tatu. Nilidhani ndio mtindo wa watu wa hapa."

Mudir akageuka ghafula kutazama nje, mabega yakimtikisika. Mimi sikuthubutu kucheka.

"Ni joho moja?"

Sikumjibu hilo. Nilikuwa nimejiapia kwamba jina la mzee halitatoka kinywani mwangu. "Hapa kwetu, bwana," nilisema, "mtu akiitwa mbele ya mkubwa huazima nguo. Anakuheshimu wewe. Na ukimuuliza ana nini, atamshukuru Mungu. Hilo pia ni heshima."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Nilidhani sasa ndio nafukuzwa. Akarudi kitini, akakaa, akanikazia macho.

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu yule wa pili, bwana."

"Ukaandika anajiweza."

"Niliandika."

"Mara mbili, baada ya kujua."

"Mara mbili, bwana."

Hakuna kipigo nilichopigwa na baba yangu kilichoniuma kama maneno yale, kwa kuwa yalikuwa kweli. Bwana Shauri akamgeukia Mudir.

"Nyumba zao unazijua?"

"Nazijua."

"Mna kitu ndani?"

"Mna mkeka na mtungi, bwana," alisema Mudir. "Na watu waungwana."

Vyeti vitatu vilipigwa taipu saa ileile, Karani Mkuu akizidondoa herufi kwa vidole viwili kama kuku anayekula mtama. Bwana Shauri akatia sahihi, akanipa. "Peleka. Ukirudi tutazungumza habari zako wewe."

Nilipanda baiskeli na joho langu, nikalikusanya kiunoni lisishikwe na mnyororo, nikaelekea Mtongwe mbio. Watu njiani walinipisha, wakidhani kuna msiba. Nyumbani kwa Mzee Hamisi nikaambiwa ametoka tangu alfajiri. Nikakimbilia lile shamba. Nazi chache zilikuwa chini, mtu simwoni. Nikainua macho. Alikuwa juu, kwenye shina jembamba lililopinda, mdogo kama kunguru, ameshika panga.

"Mzee Hamisi! Shuka! Cheti chako kimetoka!"

"Nani huyo mwenye joho?"

"Mimi karani!"

"Ala! Joho limenifuata hata huku?" Sauti yake ilikuja kwa vipande, pumzi fupi. "Sogea huko, isije ikakuangukia nazi ukafa na nguo ya watu."

Nilisogea. Hakushuka mpaka alipoangua nazi zote zilizokomaa katika mnazi ule, moja moja. Kisha akaanza kushuka. Jamani, nimeshuhudia mengi katika kazi yangu, lakini ule mshuko sitausahau. Alikuwa akiteremka hatua moja, anaukumbatia mnazi, anatulia, nami chini nasoma kila dua niliyofundishwa. Mara moja mguu ulitoka katika kitanzi cha kamba, ukaning'inia, ukatafuta, ukarudi. Nililia, sioni aibu kusema.

Alipofika chini magoti yalikuwa yakimtetemeka. Akaegemea mnazi, akajifanya anakaza kikoi chake, kama mtu anayepumzika kwa hiari. Nikayatoa macho yangu magotini, nikatazama mikono kama nilivyofundishwa. Ilikuwa imechubuka, damu inamchirizika vidoleni.

"Haya, isome," alisema.

Nikasoma jina lake, la baba yake, la mtaa wake, na yale maneno ya mwisho: Amesamehewa kodi kwa uzee na kutojiweza.

"Rudia hapo mwisho."

Nikarudia.

"La uzee sina ugomvi nalo," alisema Mzee Hamisi. "Hilo la pili lifute. Nimeshuka mnazini sasa hivi, umeniona kwa macho yako."

"Mzee wangu, bila hilo la pili cheti hakisimami. Sheria inataka yote mawili."

"Basi mrudishie mwenyewe. Sikumwambia mimi sijiwezi, na mke wangu hajapata kunisikia nikisema." Akainama kuiokota kamba.

Niliona hafanyi mzaha. Alikwisha kuuelekea mnazi wa pili, nao ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza. Mbele yangu palikuwa na karatasi yenye sahihi ya Bwana Shauri, ambayo karani akiichezea hupoteza kazi, na pengine akafungwa. Nilitoa kalamu yangu ya wino wa buluu, nikaweka cheti juu ya tandiko la baiskeli, nikapiga mstari juu ya yale maneno mawili ya mwisho, na pembeni nikaandika herufi ya jina langu. Nakala ya ofisini ilibaki nzima. Katika miaka yangu yote ya kazi hiyo ndiyo karatasi pekee ya serikali niliyoiharibu, na sijatubu mpaka leo.

"Soma tena," alisema.

"Amesamehewa kodi kwa uzee."

Akaipokea, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia yake. "Mungu akuweke, mwanangu. Sasa nisaidie kubeba hizi nazi. Zimeshaanguka, hazirudi juu."

Vile vyeti viwili nilivifikisha kwa Mzee Bakari na Mzee Sefu siku ileile. Bwana Shauri hakunifukuza. Alinihamishia Changamwe, na sijui mpaka leo kama ilikuwa adhabu au zawadi. Ila tangu siku ile hakuna mzee aliyepimwa Likoni kabla Mudir hajapita kuitazama nyumba yake kwanza. Huko Changamwe kazi ilikuwa kavu. Watu wa Magongo, mtaa wa kule, wengi walikuwa wa bara, wa reli na bandarini, wakikatwa kodi na waajiri wao, na orodha zikija zimeshachapwa. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza alitiwa jandoni lini. Karani Mkuu wa kule alikuwa mtu wa mihuri tu. Kwa miaka kadhaa kila bahasha ya ofisi iliyonifikia niliifungua nikidhani askari amekisoma kile cheti akahoji mstari wangu wa wino. Hakuna aliyehoji.

Uhuru ulinikuta nimerudishwa Kisauni kwetu. Watu walijaa ofisini kutaka kujua kama kodi nayo inapanda meli na Wazungu. Nilipowaambia inabaki, mzee mmoja aliniuliza mimi nimebaki upande gani. Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani niliendelea kulifikiria swali lake. Bwana Shauri mpya alikuwa kijana wetu, ana haraka ileile. Nilimsimulia habari ya joho wiki yake ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimfundishe kutazama mikono.

Nilistaafu zamani. Mzee Hamisi alifariki kitandani kwake, miaka mingi baada ya uhuru, na walioosha mwili wake waliikuta ile karatasi katika kofia. Bi Mwanaisha naye alipokaribia kuondoka aliusia joho niletewe mimi. Alisema karani ndiye peke yake aliyeliazima akalirudisha na machozi.

Mwaka huu niliambiwa kuna nafuu kwa wazee wa umri wangu, kwamba pensheni yetu isikatwe kodi, lakini lazima uende mwenyewe ujaze fomu. Mjukuu wangu wa kike akanishauri nivae shati kuukuu ili wanihurumie.

"Nitolee joho," nikamwambia. "Na utie makaa."

Ofisi iko ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa mbovu. Nilimkuta binti mmoja, mpole, amejifunga mtandio vizuri. Akaniamkia, akanikalisha, akaanza kunitazama usoni. Karibu nimwambie, si usoni, mwanangu. Akauliza umri, nikampa. Akauliza kipato kingine. Nikamshukuru Mungu kwanza, kisha nikajikumbuka, nikamjibu sawasawa kwamba sina. Macho yake yalikwenda kwenye utepe wa dhahabu, yakateremka mpaka kwenye upindo, yakasimama pale kwenye tundu. Akaandika.

"Tumemaliza, babu," alisema. "Nimejaza hapa kwamba ni kwa uzee na kutojiweza, ili kodi isikusumbue tena."

"Hilo la pili lifute," nikamwambia. "Nimepanda ngazi ghorofa tatu kuja kwako, umeniona kwa macho yako."

Akacheka, akaniangalia kama nafanya mzaha, akaona sifanyi. Akapiga mstari. Nikamwombea dua, nikatoka na bakora yangu nimejinyosha wima, mpaka nilipokata kona asinione tena. Hapo ndipo nikaishika reli ya ngazi kwa mikono miwili, nikateremka hatua moja, nikatulia, nikateremka nyingine. Nilipofika chini magoti yalikuwa yakinitetemeka. Bawabu aliyekuwa mlangoni aliona, kijana wa watu, akageuka upande wa pili akajifanya anatafuta funguo zake.